Mwaka Tuliomlea Kinyonga

Siku tuliyomzika shangazi Tumpe kule Igogwe walikuja watu wengi, lakini waliobaki jikoni wageni walipoondoka nawakumbuka mmoja mmoja. Nilikuwepo mimi, Lugano. Alikuwepo mdogo wangu Ambakisye, aliyetoka Dodoma kwa basi na kufika jeneza likiwa tayari limetolewa nje. Alikuwepo Sekela, mdogo wetu wa mwisho, na mtoto wake mgongoni. Alikuwepo Atupele, mtoto pekee wa shangazi. Alikuwepo baba mdogo Anyosisye, ambaye sasa haoni vizuri, na Bakari wa Tukuyu mjini, aliyeleta gunia la mchele wa Kyela na kukaa karibu na mlango, kofia yake ya darizi ikiwa juu ya goti. Wali ulikuwa umekwisha kwa wageni, kwa hiyo sisi tulikula mbalaga, ndizi zilizopondwapondwa na maharage, kila mtu na bakuli lake mkononi. Ili kutuchangamsha, Atupele akasema, "Mama yangu hakuogopa kitu. Aliua nyoka kwa mwiko, mbele ya wanaume. Kitu kimoja tu kilimshinda duniani. Kinyonga! Akimwona njiani anageuza, hata kama kengele ya kanisa inalia." Akacheka peke yake. Ambakisye alitazama bakuli lake. Baba mdogo alikohoa. Bakari alinitazama mimi, nami nikamtazama Sekela, naye akainama akajifanya anamfunga mtoto vizuri. Mwaka ninaotaka kuusimulia, Atupele alikuwa shule ya bweni, na kumbe hakuna aliyewahi kumsimulia.

Habari za wazazi wetu sitazieleza hapa. Walikufa, mmoja akimfuata mwenzake, na hilo linatosha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeacha kidato cha kwanza katikati, na nyumba ya Lufingo ilikuwa mikononi mwangu pamoja na Ambakisye wa miaka kumi na miwili, Sekela wa miaka saba, shamba dogo la chai, migomba, na jiko la mianzi lililovuja upande wa mashariki. Ukoo ulikaa kikao kwenye jiko hilohilo. Sisi watoto tuliambiwa tukakae nje, lakini ukuta wa mianzi hauzuii maneno. Tulisikia wakitugawa: Ambakisye kwa baba mdogo, Sekela kwa shangazi Tumpe, mimi nitafutiwe mume. Nikaingia bila kuitwa, nikapiga magoti, nikasema naomba tuachwe pamoja, nitawalea mimi. Mwishowe baba mdogo akasema, "Haya. Maharage yakivunwa tutakuja kuwatazama. Tukikuta watoto wamekonda, kila mmoja anakwenda alikopangiwa, na hakuna kulia." Neno hilo, kukonda, Sekela alilibeba kama mtu mzima anavyobeba habari ya daktari. Asubuhi alinyoosha mkono mbele yangu niushike. "Dada, nimekonda?" Namwambia hapana. Jioni ananyoosha tena.

Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni tuliona maduka ya Tukuyu yakijaa ghafla: sabuni za rangi, redio, viatu vya mitumba vilivyofungwa kamba viwiliviwili. Kila mtu alikuwa anauza kitu, na vitu ambavyo hatukujua kuwa vinauzika vilipata wanunuzi. Mwaka ule alikuja mtu Kiwira na gari dogo, akapanga chumba nyuma ya duka la mbao, akatangaza kwamba ananunua vinyonga. Si hawa wa kawaida, bali wale wa msitu wa mlimani, wenye pembe tatu fupi puani. Walisema wanapelekwa Ulaya, wazungu wanawafuga sebuleni. Watu wa kwetu walisikia habari hiyo kama mtu anavyosikia kwamba kuna nchi wanakula majivu. Kwetu kinyonga ni kisirani. Mtu mzima akimwona amekatiza njia, safari imekwisha. Mwanamke mwenye mimba hufunikwa macho. Kwenye nyumba yenye msiba hata jina lake halitajwi. Lakini baada ya wiki mbili vijana walewale walikuwa wanapanda msituni na matenga yaliyofunikwa majani ya migomba, wakiwakamata kwa vijiti ili wasiwaguse, na Ambakisye alikuwa miongoni mwao. Nilimkataza, naye akanijibu kwamba ndoo yetu imetoboka. Ilikuwa kweli.

Siku moja Sekela alimfuata Ambakisye mpaka Kiwira. Walirudi wakati wa ukungu wa saa kumi, Ambakisye akitangulia kwa hatua kumi nzima, Sekela nyuma, amekumbatia jani la mgomba lililokunjwa. "Dada, usinipige mimi," Ambakisye alisema kutoka mbali. "Mwambie yeye." Sekela akafunua jani mbele ya mlango. Alikuwa kinyonga mwenye pembe tatu, rangi ya jivu la jana. Ngozi ilimning'inia ubavuni kama shati la kuazima, mifupa ya nyonga ilitokeza, na macho yake, ambayo kwa kinyonga huwa kama vifungo vilivyojaa, yalikuwa yamezama kichwani. "Wamempima kwenye mizani," Sekela akasema. "Hakufika. Yule tajiri akasema atupwe. Dada, ametupwa kwa sababu amekonda."

Hapo ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema msiba wetu haujapoa, ukoo unatutazama, mdudu huyo ni sababu wanayoitafuta. Nilimtazama mtoto usoni, nikasema, "Mwingize ndani, asipigwe na baridi." Sekela akamwita Mgeni. Alikuwa na akili zake: mgeni kwetu hafukuzwi kabla hajala.

Basi tukamuuguza kama tunavyouguza watu. Kule kwetu mgonjwa anawekwa karibu na moto, anafunikwa, anapewa kitu laini. Tulimweka kwenye tenga la kuku pembeni mwa mafiga, tukamtandikia kitambaa cha sufu. Nilimpondea ndizi mbivu, nikaipaka kwenye kijiti. Akafumba mdomo. Nilimwekea maziwa kwenye kisahani. Akayakanyaga. Nilimwekea maji, akakaa kando ya maji yale siku nne bila kuyatazama, na mvua ikinyesha nje mfululizo kama inavyonyesha Rungwe, mpaka nguo zinaota ukungu kwenye kamba. Kila siku nilizidisha kuni. Kila siku aliongeza weusi. Sekela alikaa mbele ya tenga na bakuli lake, anakula vijiko viwili, anasukuma. "Akila, na mimi nitakula." Nikamgombeza. Usiku ule nilimsikia akimnong'oneza Ambakisye kitandani, "Mgeni akipona tunakaa. Akifa tunagawanywa." Ambakisye akasema, "Nani kakwambia?" Akajibu, "Najua tu." Nami, mtu wa miaka kumi na sita niliyejiona nina akili, nililala chali nikajua kwamba nimeanza kuamini vilevile.

Siku ya sita ndipo shangazi Tumpe alipokuja. Alitoka Igogwe na mkungu wa ndizi kichwani na kibuyu cha mtindi, akapiga hodi, akaingia jikoni moja kwa moja, kwani ilikuwa nyumba ya kaka yake. Aliona tenga karibu na moto. "Kuku ameatamia? Ndaga, asante Mungu, hata mayai mnayo!" Akainua mfuniko. Sijawahi kusikia sauti kama ile kutoka kwa mtu mzima. Mkungu ulianguka, kibuyu kikapasuka, mtindi ukatiririka mpaka kwenye majivu, naye alikuwa tayari uani, ameshika kifua. Ambakisye alicheka, kwa hofu, akakimbilia kwenye migomba. Sekela akatoka mbio akamfuata. Tukabaki wawili, mimi mlangoni, shangazi kwenye mvua.

"Lugano," akasema alipopata pumzi, "makaburi mawili yako pale, udongo haujakaa sawa, na wewe unalaza kinyonga jikoni kwa mama yako?"

"Ni mgonjwa, shangazi."

"Na Sekela nimemwona. Shingo imekuwa kama ya kifaranga. Siwezi kungoja maharage. Jumapili nakuja kumchukua."

Nikamjibu. Maneno niliyomjibu nilikuwa nimeyasikia kwa wanawake kwenye banda la kupimia chai, nikayahifadhi bila kujua nayahifadhia nini. Nilimwambia hamtaki Sekela, anataka mtumwa wa kumchotea maji. Kisha nikasema kwamba kama wale watoto wake watatu waliokufa wachanga wangekuwa hai, asingekuja kunyang'anya watoto wa marehemu. Nilisema pole pole, kwa Kinyakyusa, ili yasikosee njia. Shangazi alichukua kanga yake, akaikaza kiunoni, akapita chini ya migomba bila kuharakisha. Mkungu wake ulibaki jikoni. Tuliupika wiki nzima.

Kesho yake alikuja Bakari. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini hivi, mtoto wa muuza vitambaa wa Tukuyu, ameajiriwa na yule mnunuzi kushika mizani. Alikuwa amemfuata Ambakisye kumwambia matenga yarudishwe. Akasimama mlangoni, akanusa, akachungulia. "Haa! Jamani, mnafanya nini na huyo kiumbe?"

"Tunamuuguza," nikasema kwa ukali.

"Dada yangu, hapo humuuguzi. Mnamkausha kama usipa! Hujaona usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wanavyokaushwa? Ndiyo hivyo. Huyu ni wa kule juu kwenye baridi, amezaliwa kwenye mawingu, wewe unamwekea moto." Akamtoa mwenyewe kwa mkono mtupu, bila kijiti, jambo lililomfanya Sekela amtazame kama malaika. Akampeleka kwenye mti wa kahawa ulio mbele ya dirisha, akamweka kwenye tawi. Kinyonga akashika tawi kwa vidole vyake viwili viwili kama koleo. "Na maji ya kisahani hayajui. Yeye hajawahi kuona ziwa. Anajua tone." Akachovya vidole kwenye ndoo, akanyunyiza majani. Tone likakusanyika kwenye ncha ya jani, likatetemeka. Jicho moja la Mgeni likageuka, kisha la pili. Akasogea hatua moja, akayumba, akasogea tena. Akafungua mdomo akalinywa lile tone, na koo lake likapanda na kushuka. Kisha lingine. Alikunywa mpaka miguu yetu ikafa ganzi, na Sekela alikuwa anahesabu kimya kwa midomo. Siku sita za mvua, na kiumbe alikuwa anakufa kwa kiu ndani ya nyumba yangu kwa sababu nilimpenda kwa namna ninayoijua mimi.

"Chakula ni panzi," Bakari akasema, akipangusa mikono. "Mzima, anayeruka. Usimfungue mdomo kwa nguvu. Na msimwambie tajiri kwamba nimefika."

Jioni hiyo Sekela alimaliza bakuli lake na kuomba tena. Asubuhi alikuwa kwenye nyasi zenye umande na kopo la maziwa ya unga, akifukuza panzi. Panzi wa kwanza alikaa kwenye tawi nusu siku. Wa pili, ulimi ulitoka, mrefu kuliko mwili wake, ukakosa, ukarudi taratibu kama mtu aliyeaibika. Wa tatu alimpata. Tulipiga makofi sote, hata Ambakisye. Baada ya wiki rangi ya kijani ilianza kumrudia mgongoni. Jumapili ilipita na shangazi hakuja. Nilipaswa kufurahi. Nilipika, nikapalilia, nikachuma chai, na kila kijiti kilichokatika nje nilidhani ni hatua zake.

Kisha nikaugua mimi. Homa ilinishika shambani, nikarudi nimeshikilia migomba, nikaanguka jikoni. Siku ya pili sikumtambua Ambakisye. Yeye, bila kumuuliza mtu, alitembea mpaka Igogwe, na kabla jua halijageuka nilisikia sauti ya shangazi Tumpe uani. Alinipeleka zahanati juu ya baiskeli ya kukodi, akanirudisha, akanilaza kwenye mkeka karibu na ukuta wa mianzi, akanilisha uji kwa kijiko, hatukutazamana. Alikaa siku tisa. Kwa siku za mwanzo alitoka nje kwa mlango wa nyuma tu, akizunguka nyumba nzima ili asipite kwenye mti wa kahawa.

Siku ya nne Sekela naye alipata homa. Ndogo, lakini shangazi alimkataza kutoka kwenye mvua. Mtoto akakataa uji. Akageukia ukutani. "Mgeni hajala," akasema. Shangazi akambembeleza, akamtisha, akamwahidi andazi. "Mgeni hajala." Ambakisye alikuwa shambani. Nilikuwa nimelala, dhaifu, macho nimeyafumba, na kupitia upenyo wa mianzi niliona alichofanya yule mwanamke. Alijifunika kanga kichwani mpaka usoni, akabakiza jicho moja. Akachukua kopo la panzi kwa mkono wa kushoto na kikombe cha maji kwa mkono wa kulia. Akausogelea mti wa kahawa kwa mgongo, kinyumenyume, hatua kwa hatua, akiomba kwa sauti.

"Ee Mungu wangu. Sikutazami, na wewe usinitazame. Nimesema usinitazame! Jicho moja Lufingo, jicho moja Malawi, mtu gani wewe? Haya, kunywa. Kunywa upesi, nina uji jikoni." Akarusha maji juu ya bega bila kuangalia, mengi yakamwagikia mwenyewe. Kutoka ndani Sekela akaita kwa sauti ndogo, "Shangazi, panzi umweke kwenye tawi. Usimrushe."

"Nimweke kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Kisha nikasikia, "Yesu na Maria," ingawa shangazi alikuwa Mmoravian, si Mkatoliki, na baada yake yowe fupi. "Amekula! Sekela, amekula mbele ya vidole vyangu! Ulimi kama kamba ya baiskeli, mama yangu weee!" Akaingia ndani amelowa, anacheka, akachukua bakuli la uji akalikalisha mapajani mwa mtoto. "Na wewe kula, mchawi mdogo." Alirudia kazi hiyo asubuhi na jioni siku zote zilizobaki. Kanga ilishuka kila siku kidogo. Siku ya tisa uso wake ulikuwa wazi.

Siku hiyo ya tisa alikuja baba mdogo Anyosisye na wazee wawili, kwani maharage yalikuwa yameanikwa. Walitukuta vibaya. Mimi nilisimama kwa kushika ukuta, Sekela alikuwa amebaki macho tu, Ambakisye mbavu nje. Baba mdogo alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. "Lugano, mwanangu, umejitahidi. Lakini tulisema." Sekela akanishika sketi. Shangazi Tumpe alikuwa anapepeta maharage, hakuinuka.

"Anyosisye," akasema, "toka nje utazame mti wa kahawa."

Akatoka. Tukamsikia akirudi hatua tatu nyuma. "Tumpe! Hapa mlangoni?"

"Hapohapo. Alikuja mifupa mitupu, wenye mizani walimtupa. Hawa watoto hawakumtupa. Mimi mwenyewe nimemlisha kwa mkono huu." Akaunyoosha mkono wenye vumbi la maharage. "Walikonda kwa homa, si kwa kukosa mlezi. Nipe mimi Sekela ukitaka, nitamrudisha kesho. Waache wakae."

Wazee walitazamana. Nadhani kilichowashinda haikuwa hoja, ilikuwa ni kumwona Tumpe, waliyemjua tangu mtoto, ameketi hatua chache kutoka kwa kinyonga bila kupiga kelele. Baba mdogo alikunywa mtindi, akachukua debe la maharage tulilompa, akaondoka. Hatukugawanywa. Ambakisye alimaliza shule, na Sekela pia, na kama nilifanya jambo lolote maishani, ni hilo. Mgeni alinenepa mpaka Bakari alipomwona akapiga mluzi. Mvua zilipokatika alihamia kwenye mparachichi, kisha kwenye mti wa jirani, na siku moja Sekela alimtafuta hadi mchana, akarudi akasema, "Amekwenda kwao," akala.

Shangazi aliondoka jioni ileile wazee walipokuja. Nilimsindikiza kwa kujikongoja mpaka barabarani, nimembebea kikapu, nikajua kwamba ndiyo nafasi. Nikasema, "Ndaga fijo, shangazi." Asante sana. Si hilo lililotakiwa. Kwetu mtoto akimtukana dada wa baba yake, asante haitoshi na samahani haitoshi. Anakwenda kwake na jogoo, anakaa chini, anayataja maneno yenyewe, yote, bila kuyapunguza. Kisha shangazi anatia maji mdomoni, anayapuliza ardhini, na hasira inatoka nayo. Asipopuliza, inakaa. Alipokea kikapu, akasema, "Maharage uyageuze, yataoza chini," akaenda. Nilijiambia nitakwenda baada ya mavuno. Halafu baada ya Krismasi. Halafu nikaolewa, yeye ndiye aliyenifunga kanga, nikajiambia amesahau. Miaka ilipita tukiwa tunapendana kweli, tunacheka, tunapelekeana ndizi, na maneno yale yakiwa pale pale.

Siku ya mazishi nilimuuliza baba mdogo kando, mtu akifa kabla ya kupuliza inakuwaje. Akasema mwanaye anaweza kupuliza kwa niaba yake. Nikamfuata Atupele nyuma ya nyumba, alikuwa anasugua masufuria.

"Nina deni kwa mama yako," nikamwambia. "Nilimtukana, mwaka ule wa msiba wetu."

Akasimamisha mkono. "Wewe? Mama? Ulimwambia nini? Hakuwahi kuniambia."

Sikuweza. Naye akasema, "Basi dada, siku ukiwa tayari," akaendelea kusugua.

Jogoo nimeshamtenga, mwekundu, anakula mahindi yangu bure mwezi wa tano sasa. Ninachokosa ni namna ya kukaa chini mbele ya Atupele, mtoto wa nne na pekee aliyebaki, na kumwambia nililolisema juu ya wale watatu waliomtangulia.